Rangi ya Mwili Huanzia Mgongoni

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali.)



Katika shule nyingi za nchi hii yuko mtoto akaaye dawati la nyuma, mwenye kofia ambayo mwalimu wa zamu humwamuru aivue kila asubuhi mstarini. Ngozi yake ni nyeupe, nywele zake ni za manjano hafifu, na macho yake hayatulii mahali pamoja. Wenzake humwita kwa jina ambalo si lake. Akiulizwa kilichoandikwa ubaoni hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa katika ripoti kuwa ni uzito wa kuelewa. Mtoto huyo ndiye sababu ya mazungumzo haya, ingawa mazungumzo yenyewe yataanzia mbali: tumboni mwa mama, na hata ndani ya yai la kuku.

Umbali huo una maana yake. Uvumi kuhusu rangi za watu hauondoki kwa kukemewa tu. Mtu aliyeambiwa aache uongo, asipewe ukweli wa kuweka mahali pake, huondoka na uongo wake ule ule, ila sasa huusema kwa sauti ya chini. Hapana budi basi ukweli wenyewe uelezwe hatua kwa hatua: rangi ya mwili hutoka wapi, hutengenezwaje, na hukosekana kwa sababu gani.

CHIMBUKO

Kila kiumbe mwenye uti wa mgongo, awe samaki, chura, ndege au binadamu, huanza maisha bila chembe za rangi. Katika wiki ya tatu ya ujauzito kiinitete cha binadamu ni kama utando mdogo tu. Upande wa mgongoni utando huo huanza kujikunja, mithili ya mkeka unaokunjwa kutoka pande mbili mpaka kingo zake zikutane. Kingo zikishaungana, hupatikana mfereji uliofunikwa. Mfereji huo ndio utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo, na kwa binadamu kazi ya kuufunga humalizika karibu na siku ya 28.

Pale kingo mbili zinapokutana hujitokeza kundi la chembe hai zisizokubali kubaki kwao. Si za mfereji wala si za ngozi. Wataalamu huliita kundi hilo ukingo wa neva. Mwaka 1868 Wilhelm His, mtaalamu wa Uswisi aliyekuwa akifundisha mjini Basel, aliuona ukingo huo alipochunguza mayai ya kuku yaliyoatamiwa kwa muda mfupi. Aliona ukanda mwembamba kati ya mfereji wa neva na ngozi ya nje, akaueleza. Umuhimu wa jambo alilolieleza haukufahamika wote kwa wakati huo.

Miaka zaidi ya 60 ilipita kabla haijathibitishwa kwamba ukanda huo mwembamba ndio chimbuko la rangi. Mwaka 1935 Graham DuShane wa Marekani alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa viinitete vya salamanda, mnyama wa jamii ya chura aliye na mkia. Alipoukata ukingo kabla chembe zake hazijaondoka, sehemu ile ya mwili ilikua bila chembe za rangi. Ngozi ilikuwapo, nyama ilikuwapo, ila rangi haikuwapo. Mwaka 1947 Mary Rawles, naye wa Marekani, alionyesha kwamba mambo ni hayo hayo kwa panya. Alichukua vipande vya kiinitete cha panya kutoka sehemu mbalimbali na kwa umri mbalimbali, akavipandikiza katika kiinitete cha kuku. Vipande vilivyochukuliwa pamoja na ukingo, au baada ya chembe zake kuwasili, vilitoa rangi. Vile vilivyochukuliwa mapema mno, kabla mgeni hajafika, havikutoa kitu.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ulitoka Ufaransa. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin alitambua kwamba viini vya chembe za kware wa Kijapani, vikitiwa dawa ya rangi na kutazamwa kwa darubini, vina donge lionekanalo waziwazi, ambapo vya kuku havina. Hiyo ilikuwa alama isiyofutika. Ikawezekana kutoa kipande cha ukingo wa kware, kukipandikiza ndani ya yai la kuku, kisha kufuatilia kila chembe ya mgeni popote iendapo. Kifaranga wa kuku mweupe aliyepandikizwa hivyo aliota manyoya ya rangi ya kware bawani. Chembe zilizowekwa mgongoni zilikuwa zimesafiri hadi kwenye bawa, na zilipofika zilifanya kazi ya kwao. Mwaka 1986 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Kyoto ya nchini Japani.

SAFARI

Yafaa jambo hili lizingatiwe vizuri. Chembe ya rangi iliyoko shavuni, mkononi au unyayoni haikuzaliwa hapo. Ni mhamiaji. Ilitoka juu ya mgongo wa kiinitete na kusafiri.

Zinapoondoka, chembe za ukingo zina njia mbili. Njia ya kwanza hushuka ndani, kando ya mfereji wa neva. Chembe nyingi zipitazo humo huwa mishipa ya fahamu, na baadhi huwa sehemu ya ndani ya tezi zilizo juu ya figo. Njia ya pili hupita juujuu, chini kidogo ya ngozi, kutoka mgongoni kuelekea ubavuni na tumboni. Hiyo ndiyo njia kuu ya chembe za rangi. Kwa kuku hufunguka kiasi cha siku moja baada ya ile ya kwanza.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hakuna njia nyingine. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walionyesha, kwa panya na kuku, kwamba chembe nyingi za rangi huingia ngozini kwa kufuata mishipa ya fahamu. Huambatana nayo mithili ya msafiri afuataye reli, kisha huiacha karibu na mwisho wa safari. Kumbe mshipa wa fahamu na rangi ya ngozi ni watoto wa ukoo mmoja.

Chembe haiwi ya rangi kwa kupenda kwake. Ndani yake kinasaba kiitwacho MITF hufanya kazi ya mnyapara: huamsha vinasaba vingine vinavyohitajika ili chembe iwe ya rangi, na isiwe ya neva. Njiani nako inahitaji posho. Ngozi hutoa protini maalumu, na chembe huipokea kwa pokeo lililoko juu yake, liitwalo KIT. Chembe isiyopokea posho hiyo haiendelei. Kwa binadamu, chembe za kwanza huonekana katika tabaka la juu la ngozi karibu na wiki ya saba ya ujauzito.

Katika samaki, vyura na wanyama watambaao, ukingo huo huo hutoa aina kadhaa za chembe za rangi: nyingine nyeusi, nyingine za manjano au nyekundu, na nyingine zisizo na rangi bali zenye vioo vidogo virudishavyo mwanga. Kinyonga hutumia sana hivyo vioo. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba yuko kinyonga ambaye hubadili rangi kwa kusogeza vioo hivyo karibukaribu au mbalimbali. Ndege na wanyonyeshao, binadamu akiwa mmoja wao, wamebaki na aina moja tu katika ngozi yao, ile itengenezayo melanini. Kwa aina hiyo moja watu wote wa dunia wamepata rangi zao.

KUTOFIKA

Mfugaji yeyote ameona matokeo ya safari isiyokamilika. Mbuzi mweusi huzaliwa na baka jeupe tumboni, au farasi akawa na alama nyeupe kwenye paji la uso. Mara nyingi mahali palipo peupe ni mahali chembe za rangi zilikokosekana. Tumbo na paji la uso ndiko mbali na mgongo, ndiko wahamiaji hupungukiwa.

Hata hivyo, maelezo yaliyozoeleka kwamba chembe hizo zilitembea polepole mno yamesahihishwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Bath, nchini Uingereza, walichunguza panya wenye hitilafu ya KIT. Waliona kwamba chembe hutembea ovyo bila kuongozwa kwa mstari, na kwamba tatizo halikuwa mwendo bali idadi. Chembe zilikuwa zinazaana kidogo, kwa hiyo hazikutosha kuijaza ngozi iliyokuwa ikipanuka. Mafundisho yake ni kwamba hata jambo lililokwisha kuandikwa vitabuni lapaswa kupimwa tena.

Hitilafu ya namna hiyo humpata binadamu pia. Wako watu wazaliwao na kishungi cheupe cha nywele juu ya paji la uso na mabaka meupe mwilini, na mwaka 1991 ilithibitishwa kuwa baadhi yao wana kasoro katika kinasaba cha KIT. Mwaka 1951 daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Waardenburg, alieleza hali nyingine ambamo weupe wa nywele na macho ya buluu huweza kuambatana na uziwi. Watu walijiuliza nywele na sikio vinahusiana vipi. Jibu ni kwamba baadhi ya chembe zile zihamazo huenda hadi sikio la ndani, na huko husaidia kutunza maji maalumu ambayo bila hayo sauti haisikiki. Zisipofika, mtoto hasikii. Ndiyo sababu pia paka wengi weupe wenye macho ya buluu ni viziwi.

Lakini mtu mwenye ualbino kwa kawaida husikia vizuri kama mtu mwingine yeyote. Hapa ndipo ushahidi unapojitokeza. Kama chembe zake zisingefika, sikio lake lingeathirika. Zilifika. Ualbino si habari ya safari iliyokatika.

KARAKANA

Chembe ikishafika ngozini hufungua karakana. Ndani ya vifuko vidogo sana hugeuza kitu kiitwacho tairosini kuwa melanini, na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi ndicho kianzishacho kazi. Kisha chembe hunyoosha mikono yake na kuwagawia jirani vifuko hivyo. Chembe moja ya rangi huhudumia takriban chembe 36 za ngozi. Kila jirani akipata mgawo wake huuweka juu ya kiini cha chembe, mithili ya mwavuli, ili miale ya jua isiharibu maagizo ya urithi yaliyomo. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya rangi: kivuli.

Ndugu Walimu, liko jambo hapa linalostahili kufundishwa katika kila darasa. Idadi ya chembe za rangi katika ngozi ya Mwafrika, Mzungu na Mchina haitofautiani sana. Tofauti kubwa ni ile iliyopo kati ya sehemu moja ya mwili na nyingine ya mtu yule yule. Kinachowatofautisha watu weusi na weupe ni ukubwa wa vifuko, wingi wake, aina ya melanini iliyomo, na jinsi vinavyopangwa na kudumu ndani ya ngozi. Watu walinunuliwa na kuuzwa, sheria zikatungwa na nchi zikatawaliwa, kwa kisingizio cha tofauti ya vifuko ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona.

Basi mtu mwenye ualbino ana chembe zote. Zilizaliwa mgongoni, zikasafiri, zikafika, zikafungua karakana. Ila hatua moja ya kazi haikamiliki. Katika aina moja ya ualbino ni tairosinesi yenyewe iliyo na kasoro. Katika aina iliyo nyingi zaidi Afrika Mashariki na Kusini, kasoro iko katika kinasaba kiitwacho OCA2, ambacho husaidia kuweka ndani ya vifuko hali ifaayo ili tairosinesi iweze kufanya kazi. Mwaka 1995 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa Watanzania wenye ualbino, ukaonyesha kwamba wengi wao wana pengo lile lile katika kinasaba hicho, pengo lililokwisha kuonekana kwa watu wa sehemu nyingine za Afrika. Ni urithi wa kale wa bara hili. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 17,000 hadi 20,000.

Ili mtoto azaliwe na ualbino wa aina hizi, lazima apate nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huwa weusi na hawana dalili yoyote. Katika kila mimba yao, nafasi ya kupata mtoto mwenye ualbino ni moja kati ya nne. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa kumtuhumu kwamba amezaa nje amesahau nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni yeye mwenyewe.

JICHO

Jicho lina habari yake. Chembe za rangi za mboni hutoka kwenye ule ukingo wa neva. Lakini tabaka jeusi lililo nyuma ya jicho hutokana moja kwa moja na ubongo unaojitokeza mbele wakati kiinitete kinapojengwa. Ni asili mbili, lakini karakana zote mbili hutumia maagizo yale yale. Kwa hiyo kasoro moja huzipata zote mbili.

Athari yake ni zaidi ya kuumizwa na mwanga. Melanini inapokosekana wakati jicho linajengwa, sehemu ya jicho inayotumiwa kuona mambo madogo haikui sawasawa, na nyuzi nyingi za mshipa wa macho huvuka kwenda upande usio wake wa ubongo. Ndiyo maana macho ya mtoto huyo hayatulii, na ndiyo maana miwani humsaidia lakini haimfanyi aone kama wenzake. Kosa hilo la ujenzi lilitokea kabla hajazaliwa. Aliyeandikiwa kuwa ni mzito wa kuelewa alikuwa haoni ubao.

WAJIBU

Ujinga kuhusu jambo hili umekwisha kumwaga damu. Kuanzia katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 Al-Shymaa Kway-Geer aliteuliwa kuwa Mbunge, mwenye ualbino wa kwanza kuingia katika Bunge la Tanzania. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Umoja wa Mataifa nao uliamua, Desemba 2014, kwamba tarehe 13 Juni ya kila mwaka iwe Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino.

Hatua hizo ni za lazima, lakini sheria humfikia mhalifu baada ya tendo. Mwalimu humfikia kabla. Mtoto aliyeelezwa darasani safari ya chembe za rangi, na aliyemwona mwenzake akijibu hesabu ubaoni, ni vigumu kuaminishwa ukubwani kwamba watu wa namna ile hawafi bali hutoweka. Wanakufa, na wengi wamekufa mapema kwa saratani ya ngozi, ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa wangeweza kukingwa nao.

Kinga yenyewe haihitaji hazina kubwa. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, aruhusiwe kuusogelea ubao, na mtihani wake uandikwe kwa herufi kubwa. Kofia pana na mikono mirefu kwake si utovu wa nidhamu wala uvunjaji wa kanuni ya sare. Kofia ni kivuli alichonyimwa na karakana. Zamu yake ya kumwagilia bustani iwe asubuhi na mapema, na wakati wa kazi za shamba za adhuhuri apewe kazi ya ndani, iliyo kazi kweli na si ya kumdharau. Mtumishi mwenye ualbino naye asipangiwe kusimamia barabara au mnada juani mchana kutwa, hali meza iko ofisini. Mganga wa wilaya ahakikishe mafuta ya kukinga jua yanafika zahanati kama dawa, wala yasihesabiwe kuwa vipodozi. Mafuta ya aina hiyo yamekuwa yakitengenezwa hapa hapa nchini, mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi,

Kila aliyeko katika ukumbi huu alikuwa na wiki nne alipokuwa hana rangi. Juu ya mgongo wake palikuwa na ukingo mmoja mwembamba, na kutoka hapo zilianza safari chembe ambazo hazikujua zinakwenda kumfanya mweusi, maji ya kunde au mweupe. Yule mtoto wa dawati la nyuma alitoka hapo hapo, kwa njia ile ile, katika wiki zile zile. Kesho asubuhi atakuwa mstarini na kofia yake. Mwalimu wa zamu amwache nayo.